Taa ya Vifaranga Nyuma ya Gitaa la Shija

Ninyi mnaonitumia picha za amplifaya kwenye simu na kuniuliza, "Mama, hii sauti yake ikoje?", nawapenda, lakini mnataka nionje mchuzi kwa kuutazama. Picha naiona. Naona boksi zuri lililovishwa ngozi nyekundu, na vitufe vinavyong'aa kama meno ya bwana harusi. Sauti siioni. Wengine mnaniandikia kwamba kuna mtu ng'ambo anazitengeneza moja moja kwa mkono wake, hana haraka, hana kiwanda, na kwamba mkiipata moja ya hizo mtakuwa mmefika. Mnauliza kama ni kweli.

Nilishika chuma cha kuchomelea nikiwa msichana wa kusuka mabutu, nikakiweka chini macho yalipoanza kuniambia kwamba waya mmoja ni miwili. Sasa nakaa kwangu Mabwerebwere, hapa Kilosa, nafuga kuku. Muda wa kuwajibu ninao, ila jibu lenyewe ni refu kidogo. Ni habari ya amplifaya ya mwisho niliyoitengeneza, ya kijana anayeitwa Shija. Ilibaki kidogo imrudishe machungani mtu mwenye vidole vitamu kuliko wote niliowahi kuwasikia, na bendi nzima ivunjike pamoja naye.

Lakini hamtanielewa msipomjua kwanza Mzee Mbaruku.

Mzee Mbaruku alikuwa na kibanda cha redio karibu na stesheni. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na siku moja alinituma nikamchukulie redio yake iliyokuwa imetengenezwa. Nilifika, nikasimama kutazama moshi mwembamba ukipanda kutoka kwenye risasi iliyoyeyuka, nikasahau kurudi. Baba alipokuja kunitafuta alinikuta nimeshika kurunzi, nammulikia mzee ndani ya tumbo la redio.

"Huyu binti yako ana mkono uliotulia," Mzee Mbaruku alimwambia.

"Nyumbani anavunja vikombe," baba akajibu.

"Vikombe havimpendezi. Mwache hapa."

Nikaachwa. Siku hizo bendi zilikuwa nyingi, na amplifaya zote zilikuwa za valvu, zile taa za kioo zinazowaka rangi ya kaa la moto na kuchelewa kupata joto kama mtu anayeamshwa usingizini. Mzee alikuwa na mila yake ya kupima sauti. Amplifaya ikishapona, aliifunika kwa kanga ya mkewe, kisha anampa mtu gitaa alipige, na yeye mwenyewe anakaa kwenye kigoda ameutazama ukuta. Nilipomuuliza kwa nini, alisema macho yana tabia ya kulikatiza sikio. Ukiona boksi zuri, unasikia sauti nzuri. Ukiona kutu, unasikia kutu.

Maneno yake ya kupimia aliyatoa jikoni. Sauti kwake ilikuwa mbichi, au imeiva, au imeungua. Mbichi inagonga meno. Iliyoungua inakwaruza koo. Iliyoiva unaisikia hapa, alisema, akijigusa chini ya kifua mahali ambapo ugali wa moto unatua ukiwa na njaa.

Na la pili alilonifundisha ndilo nililolitumia maisha yangu yote. "Usimuulize mwanamuziki kama sauti ni nzuri. Mwanamuziki ana anachokitaka, na mtu mwenye anachokitaka husikia hicho hicho. Mtafute anayemenya viazi. Huyo anataka viazi viishe tu. Sasa itazame mikono yake. Ikisimama, sauti imeiva."

Msidhani nilikuwa mwanafunzi mwepesi. Kuna spika iliyoletwa imechanika, karatasi yake ya ndani imepasuka kama kitenge kilichonaswa na msumari. Nikaiziba kwa karatasi ya gazeti na gundi niliyoipika mwenyewe kwa unga wa sembe, maana gundi ya dukani ilikuwa imeisha na nilitaka kuonekana hodari. Ilikauka vizuri, ikasikika vizuri. Mzee alikuwa safarini Dumila. Spika ikakaa stoo, kisha ikapelekwa harusini. Bibi harusi alipoanza kuingia ukumbini, besi ilikoroma kama mbwa anayelinda mfupa. Wazee wakamtazama bwana harusi. Tulipoifungua tulikuta mende wamekula gundi yangu yote na karatasi ya spika wameionja kidogo.

"Ulisema sauti yako imeiva," Mzee Mbaruku alisema, akimtoa mende mmoja kwa ncha ya bisibisi. "Wageni wameshakula, unaona."

Kwa hiyo andikeni hili: spika iliyochanika inazibwa kwa karatasi nyembamba kabisa, kama ile ya ndani ya pakiti ya majani ya chai, na gundi ya mpira ya fundi viatu, ipakwe kidogo sana. Kitu chochote kinacholiwa kisiingie ndani ya amplifaya.

Baadaye valvu zikaondoka, zikaja amplifaya nyepesi zisizochelewa kuwaka, kisha kinanda cha umeme kikawa bendi nzima, na sasa mna hayo mambo ndani ya simu ambayo yanaiga amplifaya yoyote mnayoitaka. Siyabezi. Nimeyasikiliza, nimeutazama ukuta, na mengine yameiva kweli. Ila mimi nilibaki na valvu zangu chache nilizozitoa kwenye amplifaya iliyokuwa ikitumika zamani kuwaonyeshea sinema wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Nilizifunga kwa pamba ndani ya boksi la viatu, kama mayai. Nilikuwa nazitunzia mtu ambaye sikuwa namjua.

Akaja. Alikuwa kijana mrefu, kofia mkononi, gitaa mgongoni limefungwa kwa gunia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Wa Mzee Masunga, wa Masanze. Wafugaji. Naitwa Shija."

"Umeleta redio?"

"Nimeleta shida, mama."

Nikamkaribisha kigoda. Alikuwa mpiga solo katika bendi ya Rehema, mwimbaji wa Mikumi ambaye mimi na yeye tunaitana dada. Jumamosi walikuwa wakipiga katika hoteli moja kando ya barabara kuu, wanapopumzika watu waendao mbugani na wasafiri wa mbali. Walikuwa kwenye majaribio. Na meneja alikuwa ameanza kuona kwamba Shija akianza kupiga, wageni wanabeba sahani zao na kuhamia meza za mbali. Amplifaya waliyokuwa wameiazima ilikuwa na sauti ya bati, ilikata masikio. Meneja akamwambia Rehema kwamba atawasikiliza Jumamosi moja zaidi, mchana, kabla wageni hawajajaa. Gitaa likiumiza tena, atamchukua mtu mmoja mwenye kinanda.

"Na ikiwa hivyo?" nikamuuliza.

"Dada Rehema amesema bila hoteli hatuna bendi. Na baba amesema muziki ukinikataa nirudi. Ng'ombe hawana mchungaji." Akaizungusha kofia vidoleni. "Ameshanivumilia sana, mama. Hajanikataza. Amesema tu atakuja kusikiliza mwenyewe."

"Unataka sauti gani?"

Akasema kama mtu anayekiri ugonjwa. "Ya dume la baba."

Nikacheka. Akaniacha nimalize.

"Tulipotoka kanda ya ziwa kuja huku, nilikuwa mdogo. Kulikuwa na dume moja linatangulia. Jioni lilikuwa linalia mara moja tu na kundi lote linageuka. Halikuwa linapiga kelele, mama. Sauti inaanza nene, halafu inalegea kidogo, kama limekumbuka jambo, halafu inabaki hewani, haitaki kuondoka. Nikipiga gitaa hiyo ndiyo ninayoitafuta. Kila amplifaya inanipa mwanzo wake. Huko kulegea sikupati."

"Mwanangu, mimi natengeneza amplifaya. Ng'ombe sitengenezi."

"Mafundi wengine nao walicheka, wakaishia hapo. Wewe umecheka na bado unanitazama."

Ni kweli nilikuwa namtazama. Katika miaka yote ile wapiga gitaa waliniambia wanataka sauti kubwa, au sauti tamu, au sauti kama ya fulani. Hakuna aliyewahi kunieleza umbo lake toka mwanzo hadi mwisho. Nikainuka, nikalitoa boksi la viatu chini ya kitanda.

Tuliijenga pamoja. Transfoma niliisuka kwa mkono, waya juu ya waya, karatasi katikati, huku Shija akihesabu mizunguko kwa sauti na kupotea kila nilipomsemesha. Boksi lilitoka kwa seremala wa jirani, vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kitanda cha mtu. Mbele tukaweka kipande cha kanga, na katika kona ya kanga taa ndogo ya kuonyesha kwamba umeme upo.

Mara ya kwanza kuiwasha ilikuwa asubuhi. Niliutazama ukuta. Mbichi. Ilikuwa sauti safi, ngumu, yenye mwanzo na isiyo na mwisho. Nikabadilisha kapasita moja, kile kikopo kidogo cha kutunza umeme, tukanywa chai, tukala, tukaijaribu tena mchana. Ikawa afadhali. Kesho yake asubuhi ikawa mbichi tena, na mchana ikaiva zaidi. Kila mtu akawa na maelezo yake. Mimi nilisema kapasita mpya zinahitaji kuzoea. Seremala akasema ni mbao, mninga ukipata joto la jua unafunguka. Shija akasema vidole vyake huamka mchana, maana utotoni alizoea kukamua alfajiri na vidole vya mkamuaji asubuhi vinakuwa vimechoka. Tukaamua kuijaribu mchana tu, kila mtu akiamini ni kwa ajili ya sababu yake.

Mama Pendo, jirani yangu mwenye mashine ya kusaga, ukuta kwa ukuta na kwangu, alikuwa akija kuchungulia, nywele na nyusi nyeupe kwa unga.

"Bado mnamtafuta ng'ombe?"

"Bado."

"Mkimpata mnipe maziwa."

Kisha ikaja siku yenyewe. Shija alipiga uzi mmoja mnene, akauacha. Sauti ilitoka imeshiba, ikalegea kidogo katikati kana kwamba imekumbuka jambo, ikabaki. Sikugeuka. Nilichungulia dirishani tu, kwenye foleni ya akina mama waliokuja kusaga. Mmoja wao alikuwa akipepeta mahindi. Ungo ulikuwa umesimama hewani, mahindi yamelala upande mmoja, na yeye mwenyewe hajui kwamba ameacha kupepeta.

Nilimpigia simu Rehema. Nadhani nililia kidogo.

Ijumaa tukaipeleka Mikumi kwa pikapu, tumeifunga ndani ya godoro, nami nimeikumbatia njia nzima. Tulifika kabla ya adhuhuri. Wakati wanaiteremsha nilipita dukani kununua taa ya kulelea vifaranga, ile kubwa nyekundu, maana kwetu zilikuwa zimeisha na kuku wangu alikuwa karibu kuangua. Nikaitia kapuni, nikaenda hotelini nikiwa na furaha ya mtu anayempeleka mwanawe shule.

Shija akaiwasha. Tukasubiri valvu zipate joto. Akapiga uzi ule ule.

Ilitoka mbichi. Ilikuwa kubwa, safi, na kavu kama sahani ya bati iliyoangushwa sakafuni. Nyani aliyekuwa amekaa juu ya ukuta wa hoteli akiwaza mambo yake aliteremka akaenda zake.

Rehema alikuwa amesimama, mikono kiunoni. Ni mwanamke mpole, lakini upole wake una kona.

"Dada," alisema, "hii ndiyo uliyonipigia simu ukilia?"

"Njia imeitikisa. Subiri."

Nikaifungua. Nikagusa kila kiungo, nikachomelea upya viwili nilivyovitilia shaka, nikapima, nikafunga. Mbichi. Nikaigeuza ielekee ukutani, nikaiinua juu ya meza, nikaifunika kwa kanga yangu mwenyewe. Mbichi. Tulisubiri mpaka saa za mchana ambazo nyumbani ilikuwa inaiva, jua likiwa juu, mbao zina joto, vidole vimeamka. Maelezo yetu yote matatu yalikuwepo pale, na sauti ya dume haikuwepo.

Shija alilaza gitaa juu ya kiti, taratibu, kama unavyomlaza mtoto usiyetaka aamke.

"Basi, mama," alisema. "Labda lile dume lilikufa kweli."

Rehema alitoka nje kuangalia malori. Mimi nilibaki nimekaa sakafuni mbele ya boksi langu, sina ukuta wa kutazama, nikaitazama ile taa ndogo kwenye kona ya kanga. Niliitazama muda mrefu kabla sijaiona. Kule kwangu rangi yake ilikuwa kiini cha yai la kienyeji. Hapa ilikuwa imepauka, kiini cha yai la kisasa.

Nikachukua simu.

"Mama Pendo, uko wapi?"

"Mashineni, wapi pengine? Umefika kwa watalii umeanza kuniuliza niko wapi."

"Mashine inasaga?"

"Huisikii?"

Nilikuwa naisikia. Ilikuwa ikinguruma ndani ya simu, ngurumo ile ile niliyoishi nayo miaka mingi mpaka nikaacha kuisikia, kama mtu asivyoisikia pumzi yake.

"Taa yako ya pale ukutani ina rangi gani?"

"Njano. Si kawaida yake mashine ikivuta? Umeondoka leo umeshasahau kwenu?"

"Hebu izime mashine kidogo."

"Nizime? Kuna watu hapa na ndoo zao."

"Kidogo tu, halafu uniambie taa."

Nikasikia akinung'unika, nikasikia akina mama wakiuliza kulikoni, kisha ngurumo ikashuka, ikafa.

"Imekuwa nyeupe," Mama Pendo alisema. "Haya, umefurahi? Na wanaosubiri ugali niwaambie nini?"

"Waambie nimempata ng'ombe."

Nikapima umeme wa ukutani wa hoteli. Ulikuwa umenyooka kama askari wa gwaride. Walikuwa na stabilaiza kubwa ya kulinda mafriji yao. Wangu wa nyumbani sikuwahi kuupima. Sisi mafundi wa mtaani umeme wa ukutani tunaupima kwa macho: taa ikiwaka, upo. Mita tunaitunza kwa ajili ya vilivyoharibika. Basi kila mchana, wakati watu wanaleta mahindi, mashine ya Mama Pendo ilikuwa inauvuta umeme wa mtaa mzima chini, na valvu zangu zilikuwa zinafanya kazi na njaa kidogo. Shija akipiga kwa nguvu, umeme unazidi kuishiwa pumzi, sauti inalegea. Uzi ukitulia, umeme unajikusanya, sauti inarudi na kubaki. Asubuhi hakuna anayesaga, na sauti inakuwa mbichi. Nilikuwa nimetengeneza nusu ya amplifaya. Nusu ya pili ilikuwa ng'ambo ya ukuta, imefunikwa na unga.

Nilipowaeleza, Rehema alikaa chini akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Sasa tumlete Mama Pendo na mashine yake jukwaani?"

"Asubuhi kuna pikapu," Shija akasema, naye akacheka, mara ya kwanza siku ile.

Ninyi mliowahi kukaa na fundi redio mnaujua ubao wake wa taa. Ni ubao wenye taa moja, na umeme unapita kwenye taa hiyo kwanza kabla ya kuingia kwenye redio inayojaribiwa. Redio ikiwa mbovu, taa inameza ule umeme wa ziada na redio haiungui. Nikawaza: taa inayoweza kumeza umeme wa ubaya inaweza kumeza na ule wa uzima. Nikaomba taa pale hotelini. Zote zilikuwa hizi nyeupe za kisasa, ambazo hazifai kwa kazi hiyo hata kidogo. Ilitakiwa taa ya zamani, yenye waya ndani, tena kubwa. Nikakumbuka kapu langu.

"Mama," Shija alisema aliponiona naitoa, "hiyo si ya vifaranga?"

"Watasubiri. Mama yao ana mabawa."

Niliifunga kwa uangalifu, waya umefunikwa kila mahali, nami nawaonya hapa hapa: msijaribu kama hamna anayejua kazi hii karibu yenu, umeme haumheshimu msomaji. Nikaitundika nyuma ya boksi. Tulipowasha, taa ya vifaranga iliwaka nyekundu nzito, kama kaa lililopulizwa mara moja. Taa ndogo ya mbele ikarudia rangi ya kiini cha yai la kienyeji.

Shija akapiga uzi mnene. Nyuma ya boksi wekundu ukapanda. Sauti ikatoka imeshiba, ikalegea, na ilipokuwa inabaki hewani ule wekundu nao ulikuwa unashuka polepole, pamoja nayo, kama kifua cha kitu kinachopumua. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, sikuwa nimewahi kuiona sauti. Siku ile niliiona.

Jumamosi mchana meneja akaja, mtu nadhifu, akakaa meza ya mbali kabisa karibu na malori, mahali wageni walikokuwa wakikimbilia wakimkwepa Shija. Getini, kwenye kiti cha mlinzi, alikaa mzee mmoja mwenye kofia na fimbo, uso hauonyeshi kitu. Shija alimwamkia kwa mbali, akaitikiwa kwa kichwa. Nikajua ni Mzee Masunga.

Mimi nikageuza kiti changu, nikaipa bendi mgongo. Mbele yangu ukuta ulikuwa na dirisha la jikoni, na ndani ya dirisha dada wawili walikuwa wakimenya viazi, wanasimuliana kuhusu mtu aliyewakera.

Rehema aliimba ubeti mmoja akanyamaza, akamwachia Shija. Sikumtazama. Nilisikia ule mwanzo mnene, nikawa nawatazama dada wa viazi. Mmoja alisema, "Basi mimi nikamwambia," na hakusema alimwambia nini. Kisu kilisimama nusu ya kiazi, ganda refu linaning'inia. Mwenzake alisubiri habari, kisha akaacha kusubiri. Maji ya bomba yakaendelea kumwagika peke yake ndani ya beseni.

Ulipokwisha wimbo, meneja alikuja jukwaani. Nilitambua kabla hajafungua mdomo, maana alikuwa amehama ile meza ya mbali na glasi yake mkononi, na sijui alihama saa ngapi.

"Njooni Jumamosi ijayo," alimwambia Rehema. "Na zinazofuata. Ila hiyo taa mwitilie wavu. Mgeni akiungua nitawachoma ninyi."

Mzee Masunga alikuja nyuma yake, anatembea taratibu. Alizunguka boksi, akainama na kuitazama taa iliyokuwa bado na joto.

"Ile sauti mmeitoa humu?"

"Humo, baba," Shija akasema.

"Kwenye taa ya kuku?"

"Ndiyo."

Mzee akasimama, fimbo mbele, viganja juu ya fimbo. "Lile dume nalo lilikuwa jekundu," alisema mwishowe. "Ulikuwa mdogo. Nilidhani hulikumbuki." Kisha akaiweka sawa kofia yake. "Kaa huku. Mchungaji nitamtafuta."

Baadaye nilimsukia Shija transfoma nzuri ya kushusha umeme, imefungwa ndani ya boksi, salama, hata mtoto anaweza kuishika. Ameipokea kwa heshima, anaitumia. Lakini taa ya vifaranga amekataa kuiondoa. Inakaa kule nyuma ndani ya wavu wake, anasema bila kuiona inapumua vidole vyake havijui waishie wapi. Na Mama Pendo, kila akisikia bendi imepata kazi mahali, anagonga ukuta wangu kwa kiganja na kupaza sauti kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaisaga ile sauti, na maziwa yake hajapewa.

Kwa hiyo yule mtu wa ng'ambo anayezitengeneza moja moja, huenda ni fundi kweli. Siwezi kumsema. Ila na yeye ana ukuta, na ng'ambo ya ukuta wake kuna kitu ambacho hakimo ndani ya boksi mnalolitamani. Hizo mlizo nazo zisikilizeni kwanza, mahali pale mtakapopigia, wakati ule mtakaopiga, mgongo ukiwa umezielekea, na mtu anayemenya viazi akiwa karibu.

Na mkitaka maoni yangu, picha bakini nazo. Niambieni jirani yenu anafanya kazi gani, na mashine yake anaiwasha saa ngapi.